Ubao wa Maji wa Oloipiri

Naserian mwanangu,

Mambo ya sweta, dawa za malaria na maji ya kuchemsha mama yako ameshakwambia, na najua atakwambia tena kesho mlangoni, na mara nyingine tena dirishani mwa basi. Mimi sina cha kuongeza hapo. Nawasikia sasa hivi mko jikoni mnabishana kama kidumu cha maziwa ya mgando kitavuja kwenye begi au hakitavuja. Kitavuja. Lakini hilo nalo si la kwangu.

Nakuandikia kwa kalamu, na mwandiko wangu unaujua, kama kuku amekimbizwa juu ya karatasi. Ningeweza kukutumia kwa simu, ila sikutaka. Mtu aliyefunga ruta za nusu ya mji huu wa Karatu, kuanzia loji za watalii kule ukingoni mwa kreta hadi duka la pembejeo la Rhotia, hakiamini tena kitu anachokiuza. Cheka ukitaka, maana hata mimi ningecheka kama angekuwa mtu mwingine.

Unakwenda Dodoma kusomea usalama wa mitandao, na watu wananisimamisha barabarani kunipongeza. "Fundi, mtoto amefuata nyayo za baba!" Kila wakisema hivyo naitikia asante, na moyo unanishuka. Nyayo zangu wewe unajua zilikopita. Nimekata tamaa, mwanangu, na nalisema wazi mwanzoni ili usitafute maneno ya kukutia moyo humu ndani ukadhani yamekupita.

Wacha nianzie mahali pasipouma. Ulikuwa darasa la tatu, umekaa dukani juu ya boksi la nyaya, miguu haifiki chini, unatazama picha ya shangazi yako ikishuka polepole kwenye kompyuta, kwanza nywele, halafu paji la uso. Ukaniuliza picha yote ile imepitaje kwenye waya mwembamba hivyo. Nikakwambia haipiti nzima, inakatwakatwa. Kila kipande kinapewa namba yake na anwani ya kinakokwenda, kisha kinaachwa kishike njia yake. Ni kama wageni wa harusi wanaotoka Mbulu kuja Rhotia: mmoja kapanda Noah, mwingine bodaboda, mwingine kaomba lifti kwenye lori la vitunguu. Wanafika wamechanganyika, wa mwisho katangulia, na wengine wamekwama njiani. Mlangoni yupo mama mmoja anayewapanga kwa namba zao, na akiona kiti kitupu anapiga simu walikotoka: namba saba hajafika, nitumieni tena. Ukauliza, "Wanamtuma yule yule?" Nikasema wanatuma nakala yake. Ulicheka sana kusikia kwamba mtandao una mashangazi wa akiba.

Halafu nikakufundisha salamu. Mashine haziropoki. Ya kwanza inasema, nipo, unanisikia? Ya pili inajibu, nakusikia, na wewe je, unanisikia? Ya kwanza inasema, nakusikia. Hapo ndipo neno lenyewe linaanza. Ukasema ni kama kwa kina mama yako Oloipiri, ambako mjomba Lemayan akikutana na mtu njiani atamaliza kwanza habari za ng'ombe, mbuzi, watoto na mvua, ndipo amwambie kwamba nyumba yake inaungua. Vitabu vinaliita jambo hilo itifaki. Mimi niliwaambia wateja wangu kuwa ni adabu za mashine, na walinielewa upesi.

Kitu ambacho sikukwambia siku ile, kwa sababu na mimi sikukitilia maanani, ni kwamba salamu ile inahakikisha upande wa pili yupo mtu. Ni mtu gani, haiulizi.

Waliotunga adabu zile walikuwa wachache na wanajuana. Kila aliyekuwa upande wa pili wa waya alikuwa na sura wanayoifahamu, sasa umdai mwenzako kitambulisho cha nini? Ndiyo maana hadi leo njia kuu za intaneti zinakwenda kwa kuaminiana kuliko watu wanavyodhani. Mtandao mmoja unawatangazia majirani, anayekwenda kwa fulani apite kwangu. Majirani wanaamini, wanawatangazia majirani zao, na mzigo wote unageuza njia. Mmoja akitangaza njia isiyo yake, kwa bahati mbaya au kwa hila, mzigo wa nchi nzima unaweza kwenda kupotelea mikononi mwake. Siku hizi wameanza kutia sahihi kwenye matangazo hayo ili ijulikane nani ana haki ya kutangaza nini, lakini wengine wametia na wengine bado. Utayasoma haya na kuyafanyia mtihani. Mimi niliyasoma dukani nikiwa nimejifunika blanketi kwa baridi ya Julai, nikasema, kumbe hawa watu ni wafugaji tu.

Maana kwa wafugaji, kiangazi kikishika, mtu akiulizwa maji yako wapi hadanganyi. Anaweza kukudanganya bei ya dume mnadani, anaweza kukudanganya ukubwa wa kundi lake, na hakuna atakayemlaumu. Maji hapana. Hata mliyegombana naye akikuuliza njiani unanyoosha fimbo na kumwonyesha. Hiyo ndiyo desturi niliyoioa pamoja na mama yako, na juu yake nikajenga ule ubao.

Ulikuwa kitu kidogo. Seva moja dukani kwangu, ukurasa mmoja mweupe usio na picha. Mfugaji anaingia kwa waifai ya duka la pale Oloipiri, anaandika jina lake na neno lake: kisima fulani kimejaa, nyasi za upande ule zimekwisha, kuna ugonjwa huko msipitishe ndama. Wazee walinitania kwamba imefika zama za Mmbulu mkulima wa maharage kuwaonyesha Wamasai maji. Nilivimba kichwa, mwanangu. Nilikuwa natembea Karatu kama mtu aliyechimba kisima.

Paswedi ilikuwa moja kwa watu wote. Nilipopendekeza kila mtu awe na yake walinuna, wakauliza, "Unataka tufichane nini?" Huku kwetu kumfungia jirani ni kumtukana, nami nikaona wana hekima kuliko vitabu.

Halafu kukawa na habari ya milango. Niliweka mlango mpya, ule wenye kufuli, ambao maneno yanafungwa kabla hayajatoka kwenye simu na yanafunguliwa kwenye seva tu, aliye katikati asipate kitu. Kwa vijana ulifanya kazi vizuri. Simu za wazee hazikuujua. Zilikuwa za zamani, na zikifika pale zinaganda. Mzee Saitoti, ambaye neno lake kule halirudiwi mara mbili, alitembea hadi duka la Oloipiri siku niliyokuwepo, akaambiwa simu yake haifai. Akaniangalia, akasema, "Fundi, sasa mimi ni mgeni kwenye maji yangu mwenyewe?" Nilishikwa na haya. Jioni ile ile nikaufungua mlango wa zamani tena, kando ya ule mpya.

Ndivyo mitandao inavyozeeka. Cha kale hakifi. Kila kipya kinalazimika kujua kusema na cha kale, na mwenye nia mbaya hana haja ya kuvunja kufuli jipya. Anabisha hodi tu na kusema, simu yangu ni ya zamani, naomba mnishushie kiwango. Nasi tunamshushia, na tunaona tumefanya ubinadamu.

Wewe uliliona. Likizo ya Krismasi, ukiwa kidato cha sita, tulikwenda kwa mjomba, ukakaa kwenye benchi nje ya duka na kompyuta yangu mapajani, ukaandika kwenye ubao kwa jina la mzee: "Mimi Saitoti nimeachana na ng'ombe, sasa nafuga kuku." Duka zima lilicheka. Mzee mwenyewe alicheka hadi akakohoa. Ukaufuta. Lakini tulipokuwa njiani kurudi wewe hukuwa unacheka.

"Baba, ubao wako hauna mlango."

"Una miwili," nikasema.

"Paswedi nimeiokota hewani. Simu ya mzee imeituma vile vile ilivyo, nimeisoma. Na hata nisingeisoma, kila mtu anayo. Mtu akiandika kwa jina lako utajuaje si wewe?"

"Huku maji hayadanganywi, Naserian."

Ukageukia dirisha. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Asiyesikia la mdogo wake anavunjika nini, hawakusema, na mimi ndiye ninayeweza kuwajibu.

Ujumbe wa uongo ulikuja kiangazi hiki, kwa jina la mzee Saitoti. Ulisema bwawa la mbali, lile la upande wa macheo, lina maji na nyasi zake hazijaguswa. Mjomba wako aliusoma akiwa na ng'ombe waliokwisha kuonyesha mbavu. Hakuuliza kwingine, maana nani amuulize Saitoti mara mbili? Akaswaga kundi lake lote. Bwawa lilikuwa tope lililokauka na kupasuka. Ng'ombe wengine walilala pale pale, wengine walifia njiani wakirudi, na waliofika nyumbani hawakudumu. Mzee Saitoti wakati huo alikuwa kitandani kwa homa na simu hakuigusa.

Nani aliandika? Labda mtu aliyetaka malisho ya karibu yabaki kwake. Labda mlevi. Labda kijana aliyekumbuka mchezo wako wa Krismasi akadhani na yeye anatania. Sijui hadi leo, na sitajua. Ila wewe ulikuwa umemaliza mtihani, unasubiri chuo, na siku zile ulikuwa Oloipiri kwa mjomba.

Kikao kilifanyika kwenye darasa la shule ya msingi kwa sababu nje kulikuwa na vumbi. Nilikuja na kompyuta, najiona nimebeba ushahidi. Rekodi ya seva ilisema ujumbe umetoka kwenye duka la Oloipiri, kupitia mlango wa zamani, kwa paswedi ya wote na jina la mzee. Ni simu ya nani haikusema. Ruta ya duka inazitoa simu zote nje kwa anwani moja, kama watoto wa boma wanavyojulikana kwa jina la baba yao. Niliwaeleza hivyo, nikafunga kompyuta. Mzee mmoja akasimama.

"Fundi, binti yako alishaandika kwa jina la Saitoti. Sote tulikuwepo, tulicheka. Sasa hiyo mashine inaonyesha si yeye?"

"Haionyeshi."

"Inaonyesha ni yeye?"

"Haionyeshi pia."

"Na wewe baba yake? Unaweza kuthibitisha si yeye?"

Nikasema siwezi.

Ulikuwa umesimama mlangoni na mama yako. Niliona shuka lake likisogea mbele yako, kama anayekukinga upepo.

Jibu lile lilikuwa sahihi. Ukiulizwa hivyo chuoni ukajibu hivyo, watakupa alama zote. Lakini mashine walikuwa wameshaimaliza, aliyeulizwa mara ya tatu alikuwa baba, na baba hakuwepo. Alikuwepo fundi, anaona fahari kwamba hasemi asichokuwa na uhakika nacho, huku mwanawe anatoka mle ndani na doa ambalo hakuna maji ya kulifua.

Kwenye gari ulisema, "Baba, si mimi." Nikasema, "Najua." Kati ya neno lako na langu palipita kimya, na wewe ulikisikia. Nitakwambia kilichokuwa ndani yake. Nilikuwa napiga hesabu. Siku ile alikuwa karibu na duka? Paswedi anayo? Njia anaijua? Nilikukagua wewe, mtoto niliyekubeba mgongoni wakati wa surua, kama ninavyokagua kifaa kilichoharibu mtandao wa loji. Nilikushuku, Naserian. Ilikuwa kwa urefu wa kona moja tu ya barabara, lakini nilikushuku, na nikisema leo kwamba sikushuku nitakuwa nimekukosea mara ya pili.

Mjomba wako hakubaki. Alipokuwa anaondoka kwenda Arusha kulinda geti la watu, kama wafugaji wengi waliokwisha kufilisika, ulikwenda kumuaga. Ulimwinamia kichwa kama ulivyofanya tangu utotoni ili akuwekee kiganja cha salamu. Hakuweka. Alisema, "Ng'ombe yangu imekwisha," akageukia ukuta. Wewe ulibaki umeinama. Mama yako ndiye aliyekushika bega ukainuka, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale nikitazama matairi ya gari.

Miaka yote nilidhani kufuli ni la kumzuia mwizi, na kwa kuwa sikutaka kuwaita watu wangu wezi, sikufunga. Sasa najua kuwa kufuli la kweli ni la asiye mwizi. Zipo funguo zinazozaliwa pacha, wewe unazijua kuliko mimi. Mmoja unamgawia kila mtu, hata adui yako. Wa pili hautoki kwako, hata mama yako asiuone. Ukitia sahihi neno lako kwa ule wa siri, yeyote mwenye ule wa wazi anaweza kuhakikisha kuwa limetoka kwako na kwamba njiani halikubadilishwa hata herufi, lakini yeye mwenyewe hawezi kuiga sahihi hiyo. Saitoti angekuwa na funguo zake pacha, ujumbe usio na sahihi yake ungekuwa takataka, na ubao ungeutema. Nawe ungesema si mimi, na neno lako lingekuwa na miguu ya kusimamia. Sikushindwa kuifanya kazi hiyo. Niliona haya tu mbele ya mzee mwenye simu mbovu, nikakunyima wewe miguu hiyo.

Ubao nimeuzima. Watu wamerudi kumtuma mtoto anayejulikana, ameshika fimbo ya aliyemtuma, na aliyetumwa anatazamwa usoni. Sijui kama ni afadhali.

Ungependa niseme kwamba wewe utayarekebisha haya. Siamini, mwanangu, na nisamehe. Utaziba huku, watatoboa kule. Hata hizo funguo pacha, nasoma kwamba siku moja zitakuja kompyuta za namna nyingine zenye uwezo wa kuzivunja, na wataalamu wameshaanza kubadilisha hesabu zake kabla siku hiyo haijafika. Wakati huo huo kwenye kona fulani ya dunia kuna mtandao wa hospitali au benki unaosema adabu za enzi za babu kwa sababu kuna mashine moja ambayo hakuna anayethubutu kuizima. Ni kazi ya kuezeka nyumba huku mvua inanyesha na watu wamelala ndani. Nenda ukaifanye. Ila usidhani ina mwisho, utakuja kuvunjika moyo vibaya kama mimi.

Kama kuna kitu nilichokipata kwa gharama na ninaweza kukupa, ni hiki cha mzee Saitoti. Utakutana naye, kwa sura nyingine, ofisini kwako. Mtu mzima, anayeheshimika, anaomba mlango wa zamani ubaki wazi kwa ajili yake. Usimfukuze, na usimwachie. Kaa naye, umfundishe, umtafutie simu nyingine hata ya kuazima, umbebe mgongoni mpaka afike upande mpya, kisha funga. Mimi nilifanya lililo rahisi nikaliita heshima. Na siku ukiitwa mbele ya watu ukaulizwa juu ya mtu unayempenda, kabla hujafungua mdomo, jiulize anayeulizwa ni nani.

Sasa kuna jambo la Jumapili.

Mlipokuwa kanisani nilipanda gari kwenda Arusha. Sikumwambia mtu. Nilimkuta mjomba wako kwenye kiti cha plastiki ndani ya geti, shuka chini, koti la kampuni ya ulinzi juu, limembana mabegani. Amekonda. "Shemeji," akasema, bila kusimama. Tulimaliza habari za nyumbani zote, mvua, mahindi, mama yako. Ng'ombe hakuuliza na mimi sikumtajia. Halafu nikasema.

"Lemayan, ule ujumbe niliuandika mimi."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwa lugha asiyoijua.

"Wewe?"

"Nilikuwa Karatu, natengeneza ubao kupitia ile ruta ya duka. Nikaandika maneno ya kujaribia, nikatumia jina la Saitoti kwa vile ndilo lililonijia kwanza. Nikasahau kufuta. Mlipopata hasara nikaogopa."

"Ukaacha mtoto abebe?"

"Nikamwacha abebe."

Hilo ndilo neno pekee la kweli nililosema siku ile, na ndilo lililomfanya aniamini. Aliinua fimbo yake. Nilidhani atanipiga, na wallahi ningeshukuru. Akaiegemeza ukutani, mbali na mkono wake, akakaa tena.

"Wewe," akasema, na hakuniita shemeji tena, "mtoto anasafiri lini?"

"Alhamisi."

"Nitakuja kumuona. Na wewe usikuwepo."

Unaona nilichofanya. Rekodi yangu haiwezi kuthibitisha si wewe, basi haiwezi pia kuthibitisha si mimi. Tundu ni lile lile, nimepita humo. Nimetunga ujumbe mwingine wa uongo, safari hii kwa jina langu mwenyewe, na umepokelewa kwa urahisi ule ule. Jumatatu alipiga simu Oloipiri, na kufikia jana hata muuza vocha wa hapa sokoni alikuwa ananiangalia kwa pembe ya jicho. Loji mbili zimesema zitatafuta fundi mwingine. Sikuwalaumu.

Mama yako nilimwambia ukweli, kwa sababu ni kaka yake. Alikuwa anamenya viazi. Akasema, "Umemdanganya kaka yangu." Akamenya kiazi kizima hadi kikaisha, kisha akasema, "Asante, baba Naserian." Nadhani yote mawili aliyamaanisha. Tangu siku hiyo ananiwekea chakula na haketi nami.

Nimemwomba akupe barua hii basi likianza kutembea. Kwa hiyo ukifika hapa umeshamwona mjomba wako stendi, na umeshajiuliza baba gani huyu asiyekuja kumsindikiza mwanawe. Nilikuwa dukani, mlango nimeurudisha, nasikiliza honi za mabasi nikijaribu kujua ni lipi lako.

Utakasirika. Utataka kushuka Makuyuni urudi useme ukweli. Ukweli upi, mwanangu? Hatunao. Tulicho nacho ni neno lako, na mimi ninaliamini sasa bila rekodi yoyote, lakini nimechelewa, na imani iliyochelewa haikusaidii kitu mbele ya wajomba zako. Ningekuwa na njia ya kukusafisha kwa kweli ningeitumia. Sikuwa nayo, niliiharibu mwenyewe. Uongo haufui doa, unalihamisha tu kutoka nguo moja hadi nyingine, na hii yangu ilikuwa imechafuka tayari.

Sasa nisikilize, maana jambo hili likiharibika hapa litakuwa limeharibika lote. Mjomba wako si mjinga. Ataulizia. Atamuuliza mama yako kama unaongea na mimi, na ataangalia uso wake akijibu. Binti aliyebebeshwa kosa na baba yake, akaja kuujua ukweli siku ya safari, hawezi kupiga simu jioni kumwambia baba huyo amefika salama. Hawezi kuja Krismasi akakaa naye dukani. Atanuna, na atanuna muda mrefu, na watu wataona ana haki. Usipofanya hivyo watarudi kuhesabu upya, na hesabu itarudi kwako.

Kwa hiyo ukifika Dodoma mpigie mjomba wako. Mpigie na mama yako. Mimi, mwanangu, usinipigie.

Baba yako